Kiti cha Tano na cha Sita, Safu ya M

Polisi walimrudisha Casimir Wojtala nyumbani Alhamisi mchana, miguuni ndara za bafuni, kichwani kofia ya timu, na mkononi kikombe kitupu cha karatasi ambacho hakuna aliyejua amekiokota wapi. Mkewe, Bernadine, aliliona gari tangu linakata kona ya Mtaa wa Pulaski. Akawahi kufungua mlango kabla hawajabisha, maana polisi akibisha kwako mchana kweupe, ni sawa na kuwaita majirani wote madirishani.

"Tumemkuta palepale, mama," alisema polisi, kijana wa watu, mpole. "Geti namba tatu. Anasukuma vyuma. Ananiambia mechi imeshaanza na mimi ndiye niliyemfungia nje."

"Ahsante, mwanangu. Umekunywa kahawa?"

"Nimekunywa, mama." Kijana akashusha sauti. "Ila mwezi ujao wanaanza kuubomoa ule uwanja. Kutakuwa na matingatinga. Siku hiyo sijui nitamkuta katika hali gani."

Bernadine alimshika mumewe mkono akamwingiza ndani, naye Casimir akasimama katikati ya sebule yake mwenyewe akiangaza macho huku na huku, mithili ya mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa.

Ndiyo ulikuwa ugonjwa wenyewe. Maradhi haya ya kusahau yamewashika wazee wengi pale Port Lorimer, na kila mmoja yanamnyang'anya chake: huyu majina ya watoto, yule kuona haya. Casimir yalimnyang'anya kukaa. Mtu aliyeendesha kreni ya kiwanda cha chuma, akakaa juu kule kutwa nzima bila kulalamika mgongo, sasa hakai. Anakaa, anainuka, anazunguka meza, anatafuta mlango. Hata chakula anakula amesimama, na mkewe amekonda kwa kumfuata na sahani.

Jioni alikuja binti yao, Elaine, moja kwa moja kutoka benki anakofanya kazi, viatu bado vinambana.

"Mama, kule Maple Crest, kwenye nyumba ya wazee, wamepata chumba," alisema. "Ni pazuri, nimepaona kwa macho yangu. Wanataka jibu Jumatatu. Si hii, ile inayofuata."

"Baba yako hataki chumba. Anataka pa kukaa."

"Na hapa anakaa?"

"Kuna mahali pamoja tu anakaa, na unapajua."

Elaine alipajua. Majira yote ya joto yaliyopita, ya mwisho katika Uwanja wa Harlan, mama yake alimpeleka mzee kila mechi ya mchana ya Wafuachuma, timu ya besiboli ya mji, naye akakaa kwenye kiti chake tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, anatafuna karanga, ametulia kabisa. Ukimtazama ungesema haumwi. Sasa timu imejengewa uwanja mpya nje ya mji, karibu na barabara kuu, na gazeti la asubuhi hiyo lilikuwa na tangazo la ukurasa mzima: Jumamosi, kila kitu ndani ya Harlan kinauzwa.

"Nitamletea kiti chake," alisema Bernadine.

"Kwa pesa ipi, mama?"

"Ile ya kutengenezea mtambo wa kupasha nyumba joto."

"Baridi inakuja."

"Baridi huja kila mwaka."

Elaine alicheka bila kutaka, kisha macho yakamlengalenga machozi. Alikuwa amechoka, tangu mwezi wa nane alikuwa akilala na simu kifuani. Wakakubaliana hivi: kiti kije. Mzee akikaa, abaki nyumbani. Asipokaa, Bernadine mwenyewe atatia sahihi, bila maneno.

*

Jumamosi foleni ilizunguka uwanja mzima. Watu walikuja na spana, kamba, toroli za watoto, mmoja kaja na gari la kubebea farasi. Waliotangulia walikuwa wanatoka na mizigo yao: mabango, namba za vyuma, geti zima la kuingilia. Baba mmoja na wanawe wawili walikuwa wamebeba hodhi refu la bati kutoka msalani kwa wanaume, lile la kukojolea, wamelibeba begani kwa heshima zote.

"Utalifanyia nini hilo, ndugu?" mtu aliuliza kwenye foleni.

"Mke wangu anataka kupandia maua," baba yule alijibu. "Mimi nalitaka tu. Babu yangu kakojoa humu, baba yangu kakojoa humu."

Watu walicheka, lakini walimpisha njia.

Bernadine alikuwa amemshika Casimir mkono tangu walipotoka garini. Waliingia geti namba tatu, wakapita ule ujia wenye giza ulionuka bia na vitunguu vya zamani, wakapanda mteremko wa saruji, na pale mwanga ulipowapokea, Bernadine akasimama kabisa, akawazuia waliokuwa nyuma yake.

Nyasi zilikuwa zimekatwa. Timu imekwisha kuhama, hakuna mtu atakayecheza pale tena hadi mwisho wa dunia, na bado watunza uwanja walikuwa wamekuja alfajiri wakakata nyasi mistari mistari, wakamwagia maji udongo mwekundu, wakachora mistari ya chokaa, mipya, myeupe. Hakuna aliyewaagiza. Kijani kile kilitanda mpaka kwenye ukuta wa mbali, na viti vyote vya mbao vilikikabili, maelfu kwa maelfu, vitupu. Wanaume waliokuwa wanacheka kwenye foleni walivua kofia na hawakujua kwa nini. Bernadine, ambaye aliuona uwanja ule mara zisizo na idadi, alijisemea kwamba alikuwa hajawahi kuuona.

Hapo ndipo mkono wa Casimir ulipochomoka.

Hakukimbia. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Alipanda ngazi, hakutazama namba, akakata kushoto kwenye Safu ya M, akavipita kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na cha tano, cha kujikunja kama vyote, akakishusha kwa kiganja bila kugeuka, akakaa. Mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amepotea kati ya kitanda na choo. Bernadine alibaki chini ya ngazi, kiganja mdomoni. Alishikwa na kitu kama woga, ule unaokushika mbele ya jambo kubwa kuliko wewe, na akaona waziwazi kwamba lile ndilo jibu, kwamba dawa ya mumewe ni mbao na chuma na inauzwa.

Alimwacha pale, akateremka kwenye meza ya mauzo, jicho moja likiwa juu kwenye Safu ya M.

"Safu ya M, kiti cha nne na cha tano," alimwambia kijana wa mezani, aliyevaa fulana ya kampuni ya mauzo.

"Hiyo haipo, mama. Tunauza jozi kuanzia kwenye njia. Moja na mbili, tatu na nne, tano na sita."

"Sisi tumekaa nne na tano tangu tuoane."

"Naelewa, mama. Kila mtu hapa ameniambia neno hilohilo." Kijana hakuwa mbaya. Aligeuka akamwonyesha kiti cha mfano nyuma yake. "Unaona mguu huu wa katikati? Viti viwili, mguu mmoja. Kiti kimoja peke yake hakisimami, lazima kitoke na jirani yake. Nikikukatia nne na tano, hapa nabaki na tatu na pale nabaki na sita, nani atavinunua?"

"Jozi ni dola mia tano?"

"Mia tano, mama."

"Siwezi kupata nusu ya jozi hii na nusu ya ile?"

Nyuma yake mtu aliguna. Mwingine akasema, "Bibi, muuze mzee ununue safu nzima," na foleni ikaangua kicheko. Bernadine alihisi masikio yanawaka. Alikuwa na mia tano na ya petroli, basi. Mia tano zingetosha kiti cha Casimir na kile kilicho kulia kwake. Kiti chake yeye, cha nne, alichokalia akiwa mja mzito wa Elaine, alichokifunika kwa gazeti siku za mvua, kingekwenda na cha tatu kwa mtu mwingine asiyemjua.

Tena alijua kiti cha sita ni cha nani. Asije akajifanya baadaye kuwa hakujua. Kilikuwa cha Odell Pettiford, fundi mstaafu wa mabasi ya mji. Miaka yote ile walikaa watatu: Bernadine, Casimir, Odell. Alijua arusi ya mtoto wa Odell ilifanyika lini na nani alilewa. Odell alijua Bernadine alivyomzika dada yake, na alijua kiasi gani cha siki anatia kwenye kabichi. Lakini namba ya simu hawakuwahi kupeana, wala mtaa hawakuwahi kuulizana. Ndivyo walivyo watu wa safu moja: ndani ya uwanja ndugu, nje ya geti kila mtu na kwake.

Alitazama huku na huku. Odell hakuwepo. Asubuhi ilikuwa imekwenda sana na hakuwepo. Labda hakitaki, alijiambia, akijua kabisa kwamba anajidanganya.

"Tano na sita," alisema, akalipa.

*

Odell Pettiford alifika baada ya wafanyakazi kuvifunga viti vile kitambaa chekundu cha kuonyesha vimeuzwa. Alichelewa kama alivyochelewa siku zote. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mtu wa kuchelewa tu, kama wengine walivyo wafupi. Alipanda ngazi anahema, spana yake mwenyewe imechomoza kwenye mfuko wa nyuma.

Casimir alimwona kabla ya Bernadine, aliyekuwa amerudi juu na kusimama nyuma ya safu. Aliinuka, kiti kikajikunja nyuma yake kwa kishindo, akabana mgongo, akavuta magoti pembeni, akakishika kikombe chake kitupu kifuani ili kisimwagike.

"Samahani, mkubwa," alisema Odell, akipita. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," alisema Casimir.

Maneno hayohayo, mwanzo wa kila mechi. Odell akakaa kiti cha sita, Casimir naye akakaa, wakatazama nyasi. Ndipo Odell alipokishika kitambaa chekundu, akakigeuza, akasoma jina lililoandikwa.

"Odell," alianza Bernadine, "wanauza viwili viwili, na mimi..."

"Ni sawa, Bi Berni."

"Nilikutafuta kwa macho."

"Nimesema ni sawa. Mimi ndiye niliyechelewa." Alitabasamu, tabasamu la kumfariji mwingine, na kwa muda akakisugua kidole gumba kwenye mkono wa kiti, pale mbao ilipolainika kwa kiwiko chake. "Leo nimekosa kitu, mkubwa," alimwambia Casimir.

Casimir alicheka kwa furaha, kwa sababu sauti aliijua.

Wafanyakazi walipokuja na mashine ya kukatia, Odell aliinuka, akamgusa mzee begani, akashuka. Bernadine alimfuata kwa macho hadi chini. Kila mtu alikuwa anatoka na kitu: mwenye udongo kwenye chupa, mwenye kipande cha wavu. Odell alitoka mikono mitupu, na Bernadine hakumwita kumuuliza anakaa wapi. Aliona haya, akamwacha aende.

*

Viti vililetwa Jumatano. Elaine aliomba ruhusa kazini, akapiga magoti barazani na sketi yake ya benki, akavikaza boliti kwenye mbao kwa mkono wake mwenyewe, huku anatukana polepole. Bernadine alitoa redio, akaiweka dirishani. Ilikuwa Oktoba, timu nyingine zinagombea ubingwa, na mtangazaji alikuwa anataja wachezaji kwa sauti ile ya mchana isiyo na haraka.

"Njoo, Cas," alisema Bernadine. "Mpira umeanza."

Casimir alikuja mlangoni. Alivitazama viti. Akavuka baraza, akakishusha cha tano kwa kiganja, akakaa. Elaine aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bernadine akanyata polepole, akakaa kiti cha sita kando yake, hakuthubutu hata kupumua.

Kiti kikapiga kishindo. Casimir alikuwa amesimama.

Akakaa. Akasimama. Akakaa, mtangazaji hajamaliza sentensi, kishindo, amesimama tena. Ikawa hivyo mzunguko wa kwanza wote, hata mama wa nyumba ya pili akatoka kutazama ni nini kinachogongwa.

"Labda kelele za gari," alisema Bernadine.

"Mama."

"Labda nisogeze redio."

"Mama, ulisema mwenyewe." Elaine hakuwa na ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa nao. "Nawapigia simu. Sitaki ufanye wewe."

Aliingia ndani. Bernadine alisikia simu inavyoinuliwa. Alikaa pale, kwenye mbao za dola mia tano, na aibu ikampanda: pesa ya joto imekwenda, kiti cha mtu amekichukua, na mumewe bado anaondoka. Akamgeukia amwangalie, kama unavyomwangalia mtu unayemuaga.

Lakini Casimir hakuwa anaondoka. Alikuwa amesimama palepale, hakupiga hata hatua moja. Mgongo kaubana. Magoti kayavuta pembeni. Kikombe kitupu kakishika kifuani, na macho yake yako kwenye ngazi za baraza, kwa subira na adabu, kama mtu aliyesikia mwenzake anapanda.

Bernadine alikumbuka siku moja tu ya Julai ambayo Odell alikuwa na homa hakuja. Casimir aliinuka na kukaa mechi nzima, watu wa nyuma wakalalamika hadi wakahama, na Bernadine alidhani ni jua linamsumbua. Halafu akakumbuka alipoketi yeye wakati huu. Akaruka kutoka kwenye kiti cha sita kana kwamba ameketi mapajani mwa mtu.

"Elaine!" aliita. "Weka simu chini."

"Nimeshaanza kuongea nao, mama."

"Weka chini, nakuambia. Baba yako hakatai kiti. Anampisha mtu."

*

Kuhusu pa kumpata Odell, kitu kimoja tu alikijua. Kila mwaka Odell alikuwa akisema, "Bi Berni, kanisani kwetu tunakaanga samaki kila Ijumaa. Njoo siku moja ule mpaka usahau jina lako." Na kila mwaka Bernadine alijibu, "Nitakuja," na hakwenda. Kanisa la Mlima Nebo lilikuwa ng'ambo ya reli. Watu wa Mtaa wa Pulaski hawakwenda ng'ambo ya reli, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini, kwa vile wote walijua kwa nini.

Ijumaa alikwenda. Alisimama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa na koti lake zuri, mzungu peke yake kati ya watu weusi, mafuta yanachemka, watu wamejaa, watoto wanapita chini ya meza.

"Mmoja au wawili, mpenzi?" aliuliza mama mnene aliyekuwa mbele ya kikaango.

"Namtafuta Odell Pettiford."

"Odell?" Mama yule aligeuka kwa wenzake. "Jamani, anamtafuta Odell, saa hizi!" Wote wakacheka. "Kaa, mpenzi, ule. Odell hufika sisi tukiwa tunaosha masufuria."

Alikaa, akala. Samaki alikuwa mtamu kweli, na hilo nalo likamtia aibu, miaka yote ile. Odell alipofika na kumwona, alivua kofia hapohapo mlangoni.

"Nani amekufa, Bi Berni?"

"Hajafa mtu. Kaa kwanza." Hakukaa. Bernadine akamweleza huku Odell amesimama hivyohivyo: kishindo cha kiti, magoti, kikombe, jibu la Jumatatu. Hakujipamba. Alisema, "Nilijua ni kiti chako, nikakinunua. Nilikuona unaondoka mikono mitupu, sikukuita."

Odell alivuta kiti, akaketi.

"Nilimwambia mke wangu viti vimeisha," alisema. "Sikutaka akuseme vibaya. Lakini iliniuma, Bi Berni. Nisikufiche. Niliendesha gari mpaka ziwani nikakaa garini peke yangu."

"Kiti ni chako. Kiko kwangu tu."

"Kwa hiyo nije nikae kwenye kiti changu, barazani kwako."

"Ndiyo."

"Mtaa wa Pulaski."

"Ndiyo."

Odell alimtazama kwa jicho la kuuliza lile ambalo hawakuwahi kuliongea. "Na majirani zako watasemaje?"

"Watasema umechelewa."

Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akapiga meza, hata mama wa kikaango akauliza kuna nini. "Jumapili kuna mechi saa saba," alisema Bernadine. "Na nyingine Jumanne. Na baridi ikija tutavihamishia sebuleni, tutasikiliza hata za miaka ya nyuma, zipo kwenye kanda."

"Mimi nimestaafu, siku ninazo," alisema Odell, akifuta macho. "Ila usinipe saa."

*

Jumapili Elaine alikuja na mkoba wake umefungwa, ndani mna karatasi za Maple Crest, na kalamu. Hakusema, lakini Bernadine aliuona ulivyokaa magotini pake. Bernadine mwenyewe alileta kiti cha jikoni, akakiweka kushoto kwa Casimir, upande wa ngazi, pale ambapo cha nne kingekuwa.

Saa saba redio ikatangaza mpira wa kwanza. Kishindo. Casimir akasimama, akatazama ngazi, akakaa. Kishindo. Mrushaji alimtoa mpigaji wa kwanza, akamtoa wa pili. Kishindo. Kwenye dirisha la nyumba ya pili pazia lilisogea. Elaine alitazama saa yake, akaificha kwa mkono wa sweta ili mama yake asimwone.

"Hatakuja, mama."

"Atakuja. Wewe humjui."

Wa tatu akatolewa. Mzunguko wa pili ukaanza, na uso wa Casimir ukaanza kulegea, ile subira inamtoka, macho yake yakaacha ngazi, yakahamia mtaani, upande wa geti namba tatu. Aliweka mguu mmoja mbele. Bernadine alimshika pindo la koti, hakuvuta, akalishika tu.

Gari la zamani la bluu lilisimama mbele ya nyumba. Odell Pettiford alishuka na suti yake ya kanisani na kofia ya Wafuachuma, mkononi kifurushi cha samaki kinachofuka mvuke. Hakutazama madirisha. Alipanda ngazi za baraza kama anavyopanda siku zote, mkono mmoja gotini, anahema.

Casimir alirudisha mguu. Akabana mgongo. Akavuta magoti.

"Samahani, mama," Odell alimwambia Bernadine akipita mbele yake. "Samahani, mkubwa." Akajipenyeza, tumbo kwa tumbo na mzee, kisha akasimama mbele ya kiti cha sita. "Nimekosa nini?"

Casimir alimtazama. Alitazama muda mrefu mno, na Bernadine akafikiri, amelisahau na neno hilo, hata hilo limekwenda.

"Hujakosa kitu," alisema Casimir.

Odell akakaa. Casimir akakishusha cha tano kwa kiganja, akakaa, akanyoosha miguu.

Wote walisubiri kishindo. Mrushaji alirusha, mpigaji akakosa. Alirusha tena. Mahali fulani mbali sana watu elfu hamsini waliinuka wakapiga kelele, na redio ikajaa, na Casimir Wojtala hakuinuka. Alinyoosha kikombe chake cha karatasi kulia bila kutazama, na Odell, bila kutazama, akakijaza karanga kutoka mfukoni. Bernadine alikuwa ameona mambo katika uwanja ule, mipira iliyopaa ikapotea angani, wanaume wazima wakilia na kukumbatiana na wasiowajua. Hakuwahi kuona kitu kilichomfunga ulimi kama wazee wawili wakitafuna karanga mbele ya barabara tupu.

Mzunguko wa pili ukaisha. Wa tatu ukaisha. Elaine alikuwa amekaa kwenye ngazi kwa muda mrefu sasa, na mkoba alikuwa ameuweka chini.

"Mama," alinong'ona. "Kesho watanipigia wale wa Maple Crest. Niwaambie nini?"

Bernadine hakuondoa macho mtaani.

"Waambie baba yako hayupo," alisema. "Yuko mpirani."